Maswali Kumi ya Akra

Mimi ni mtu wa shaka. Muuza samaki akiniambia huyu kavuliwa leo, namfunua mashavu nikatazama mwenyewe. Daktari akiniambia nimepona, namuuliza kajuaje. Nilisomesha jiografia miaka thelathini na moja katika skuli za wasichana hapa Maskati, na kazi ile ilinifundisha kwamba anayejibu upesi mno huwa amenakili kwa jirani yake. Kwa hivyo alipokuja mtu kumposa mwanangu, na kila niliyemuuliza akawa anamsifu, moyo wangu haukutulia hata kidogo.

Nasema mwanangu, lakini ni mtoto wa mdogo wangu wa kike. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, nikamlea mimi ambaye sikujaaliwa kuzaa. Sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mhandisi wa maji, ana gari lake na ulimi wake. Mposaji alikuwa na miaka arubaini, anashughulika na kusafirisha samaki wa barafu, na watu wake ni kama sisi: walitoka Zanzibar miaka ile, wakaja kuanza upya huku na sanduku moja na Kiswahili chao.

Kwetu mposaji huulizwa. Si tusi, ni ada. Nikaenda Matrah alikokulia, nikamuuliza mwenye duka la vitambaa anayewajua tangu zamani, akamsifu. Nikaendesha gari mpaka Qantab kwa bibi mmoja aliyekuwa jirani wa mama yake; akamsifu, tena akanifungia na samaki wa kwenda nao nyumbani. Mtu husifiwa namna ile akishakufa. Nilipokuwa naaga ndipo yule bibi akasema, kama aliyekumbuka kitu kidogo, "Tena kakaa ughaibuni miaka saba. Huko Akra, Ghana."

Miaka saba! Sisi tuna shangazi kila mji: Dubai, Mombasa, Dar es Salaam, London, mpaka huko Kanada kwenye theluji. Popote alipoishi mtu, ukipiga simu mbili utajua alikuwa akila nini. Lakini Akra hatuna mtu. Mwanamme anayetaka kuficha mke na watoto hapati kabati zuri kuliko lile.

Hapa lazima niseme kweli, maana bila hiyo mtanidhani mchunguzi tu. Anayeuliza huulizwa. Wakati mimi natembea Matrah na Qantab, watu wa upande wao nao walikuwa wakitembea, na nyumbani kwetu kulikuwa na jibu nisilotaka lionekane. Mama wa mama yetu tulikuwa tukisema ni mtu wa Lamu. Hakuwa wa Lamu. Alitolewa ng'ambo ya Ziwa Nyasa akiwa mtoto, akapelekwa pwani kwa miguu, akauzwa Unguja, akakulia katika nyumba ya babu yetu, na alipokua akafanywa suria. Mama yetu alizaliwa hivyo. Mimi namkumbuka bibi yangu, maana alikufa nikiwa na miaka saba. Alikuwa na chale tatu kila shavu, nami nilikuwa silali mpaka nizipitishe kidole. Aliwahi kuniambia jina alilokuja nalo, kabla hajapewa lile la Kiislamu, akaniambia nisilitaje mbele ya watu. Picha yake iko moja tu, nami niliificha kabatini baina ya mashuka.

Wako hapa watu ambao hadi leo, ikija habari ya ndoa, huipima asili ya mtu kama dhahabu. Miaka saba nyuma ilikuja posa nyingine, ya kijana mzuri. Wiki ya pili wakauliza, "Khasa, huyo mama wa mama yenu ni mtu wa wapi?" Nikasema Lamu. Sijui nani aliwaambia vingine, wakapotea kama mvua ya Maskati. Mwanangu alikaa siku nyingi hali chakula cha maana, nami nikamdanganya kuwa upande ule kuna maradhi ya kurithi. Sikutaka kuyaona tena yale. Nikajiambia, safari hii mimi nitakuwa wa mbele: nikiwa na mke wake wa Akra mkononi, hatakuwapo wa kunifungulia mdomo kuhusu Lamu.

Basi nikaanza kuusoma mji wa Akra. Miaka thelathini na moja nilikuwa nawaandikisha wasichana, "Akra, mji mkuu wa Ghana, uko mwambao wa Ghuba ya Guinea," nikatia vema kwa wino mwekundu, na kumbe mwalimu mwenyewe alikuwa hajui zaidi ya mstari ule. Nilijifunza kwamba wenyeji ni Waga, na kwamba jina la mji husemwa limetokana na siafu, kwa wingi wa watu. Wadenishi, Waholanzi na Waingereza kila mmoja alijenga ngome yake katika mwambao ambao mtu mwenye magoti mazima angeutembea asubuhi moja, wakawa wanachungana kwa mizinga. Halafu Waingereza wakauhamishia hapo mji mkuu wa koloni lao kutoka Cape Coast. Uhuru wao ulikuja mwaka 1957, ambao ndio mwaka niliozaliwa mimi, na katika uwanja wao kuna tao kubwa lenye nyota nyeusi juu yake.

Nikazidi kusoma. Kuna mnara wa taa mtaa wa Jamestown. Kuna soko la Makola, wanawake ndio wenye amri. Kuna karibu mwezi mzima watu wamekatazwa kupiga ngoma kabla ya sikukuu yao ya Homowo, ambayo ni ya kuicheka njaa. Na kuna mafundi wanaochonga majeneza kwa mfano wa kazi ya marehemu, mvuvi akazikwa ndani ya samaki na dereva ndani ya gari. Hilo lilinishangaza, maana sisi ni sanda tu, bas. Nikamsomea mwanangu.

"Wewe, mama mkubwa," akasema bila ya kuinua macho, "wangekuzika ndani ya alama ya kuuliza."

Nikaandika maswali kumi katika daftari. La kumi lilikuwa la ngome ya Osu, ile ya Wadenishi, nyeupe, na mawimbi yanapiga chini yake. Humo walifungiwa watu waliouzwa, na baadaye humo humo wakakaa magavana na serikali. Niliitazama picha yake muda mrefu. Sisi nasi tuna ngome mbili, Jalali na Mirani, za Wareno, zimeliweka kati kasri la Maskati, na wageni huzipiga picha wakaondoka. Hakuna anayesimama kuuliza nini kilipita bandarini pale.

Wakaja siku ya kwanza, mposaji na mama yake. Mama ni mwanamke mdogo wa umbo, abaya safi, na macho ya mtu anayehesabu vyombo kabatini mwako. Nikawamiminia kahawa mwenyewe. Kwetu kikombe cha kahawa ni kidogo, hakina mkono: mgeni akikunyooshea, unammiminia, akikitikisa, ametosheka. Adabu ni vitatu. Alipofika cha pili, mama akaanza.

"Na upande wa mama yenu, nyinyi ni watu wa wapi?"

"Lamu."

"Lamu ya wapi?"

"Lamu mjini. Halwa imekufikia?" Nikamsogezea sahani, nikamgeukia mwanawe upesi. "Nasikia umekaa Akra. Mnara wa taa wa Jamestown una rangi gani?"

Akacheka. "Mweupe na mwekundu, mwalimu. Mistari mistari."

"Na ule mwezi wasiopiga ngoma?"

"Kabla ya Homowo. Mpaka misikiti na makanisa huombwa kupunguza sauti. Jirani yangu alikuwa na bendi, mwezi ule alikuwa hatizamiki kwa hasira."

"Makola?"

"Nilifukuzwa siku ya kwanza. Nlibishana bei ya nyanya na mama asiyetaka kubishana." Akaendelea mwenyewe, akanihadithia habari ya rafiki yake fundi wa viatu aliyezikwa ndani ya kiatu kikubwa cha mbao, na vipi yeye alilia na kucheka kwa pamoja. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni, uso umemng'ara, anamtazama. Ndipo nikazidi kushuku. Majibu yote yalikuwa sawa, na yote upesi.

"Na ngome ya Osu?"

Akajipangusa vidole. "Nyeupe," akasema. "Iko baharini."

"Hiyo hata mimi nimeiona kwenye simu. Uliingia?"

Akamtazama mama yake, halafu akakitikisa kikombe chake. Kilikuwa cha kwanza, na nusu yake bado imo. "Sikupata nafasi," akasema.

Miaka saba hakupata nafasi! Nikajua nimemkamata. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kando ya ngome ile kuna mtaa mzima wa Osu, wa majumba na mikahawa, na mimi nikamuona mke wake kwa macho yangu, anaanika nguo barazani na watoto wawili wanamzunguka.

Walipoondoka mwanangu hakuondoa vyombo. Alisimama katikati ya chumba. "Umemfanyia mtihani."

"Na amefeli la kumi."

"Mama mkubwa, nnamtaka huyu. Nnamtaka, umenisikia? Ukinivunjia, usiniletee tena mtu mpaka nife." Sauti ilimkatika mwishoni, akaingia chumbani kwake. Niliumia, sitaki kusema uwongo. Lakini nilijiambia kwamba bora alie leo kuliko kulia mbele ya mke mwenza.

Nikatafuta shahidi. Kwa jirani yangu anafanya kazi msichana wa Kiganda, ambaye hunisalimia kila asubuhi akitoa taka. Nikamuuliza kama anamjua mtu yeyote wa Akra.

"Mama, mimi ni wa Uganda," akasema. "Ghana ni mbali sana, ni kama kuja hapa Muscat. Lakini church yetu Ruwi, Ijumaa, Waghana wako. Madam akinipa off nakuletea mmoja."

Akaniletea. Tulikutana Ijumaa alasiri kwenye mabenchi ya ufukweni Matrah, mimi, yeye, na mwanamke wa Akra anayesuka nywele katika saluni. Tulizungumza Kiingereza. Nikamtajia mposaji, umbo lake, kazi yake, miaka yake saba. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akaniuliza kama ninadhani Akra watu wote hulala chumba kimoja. Nikaona bora niulize ngome. Hapo hakucheka. Akasema kila anayeingia mle kiongozi humuuliza anatoka wapi, ili ajue namna ya kuzungumza naye. Wengine wakitoka huenda kula samaki wa kukaanga na kenkey, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, na wengine hawasemi tena mpaka kesho yake.

"Na wewe unatoka wapi?" akaniuliza.

"Hapa hapa."

"Lakini na huyu mnasema lugha ya Afrika."

"Nimezaliwa Zanzibar."

"Basi wewe ni dada yetu. Mwafrika mwenzetu."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, isije kuwa yupo anayenijua. "Kidogo," nikamwambia. Akanikumbatia kwa nguvu, nami nikamwachia anikumbatie. Njiani kurudi nyumbani nikamshuku na yeye: bila shaka anamjua yule mke, na amenicheka kumfichia siri.

Baada ya wiki mbili wakaja kutaka jibu. Safari hii mwanangu ndiye aliyesimama na birika la kahawa. Alikuwa kavaa vizuri na hanitazami. Sikungoja hata halwa.

"Limebaki swali la kumi," nikasema. "Una mke Osu?"

"Astaghfirullahi!" akasema mama yake. Mwanangu akanigeukia na birika mkononi.

Yeye hakukasirika. Aliweka kikombe kitupu gotini. "Sina mke, mwalimu, wala mtoto. Lakini ngomeni niliingia. Siku ile nlikudanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa aibu." Akamtazama mama yake, halafu mwanangu, kisha akatazama zulia. "Tulikuwa kama watu kumi na tano. Wamarekani weusi, na bibi mmoja wa Jamaika. Kiongozi akatushusha chumba cha chini, akafunga mlango, tukakaa kizani. Alipoufungua watu wanalia. Akawa anatuuliza mmoja mmoja tumetoka wapi. Ilipofika zamu yangu nkasema Tanzania. Akasema, 'Basi na kwenu pia walichukuliwa watu. Nani waliwachukua?' Nkasema, 'Waarabu.'"

Mama yake akaivuta abaya yake magotini.

"Nlisema hivyo hivyo, mwalimu. Waarabu. Kama watu wengine niliowasoma kitabuni. Na pasipoti ya Oman i mfukoni mwangu, na babu yangu alikuwa na shamba la karafuu Pemba. Yule bibi wa Jamaika akanikumbatia, akalia begani kwangu, ananiita mwanawe. Nami nkamwacha. Sikurudi tena pale, na sijamwambia mtu mpaka leo."

Niliitafuta hila katika maneno yale kama ninavyotafuta kila siku, na sikuiona. Mtu husema uwongo kujipamba, si kujiaibisha. Nikakumbuka benchi la Matrah na lile "kidogo" langu, uso ukaniwaka moto kwa haya. Nimemwinda mtu wiki tano nzima kwa kosa ambalo mimi nimelifanya mbele ya msichana wa Kiganda na mwenzake wa Akra, na begani kwangu hakukuwa hata na machozi ya mtu ya kufuta.

Mama yake ndiye aliyejaribu kuyafunika. "Bas, mwanangu, yashapita hayo. Sisi hayatuhusu, wala wenzetu hawa hayawahusu. Wao watu wa Lamu."

Hapo ndipo nilipopaona mahali nilipokuwa nimesimama. Nikinyamaza, harusi imekwisha kupangwa: mama yake ameikubali Lamu mwenyewe, na mwanawe hana siri mbaya. Nikisema, naweza kumvunjia mwanangu mara ya pili, mbele ya macho yake. Niliogopa. Lakini kidole changu kilikuwa kinasugua kidole kingine, na nikatambua kinatafuta chale.

Nikainuka, nikaenda kabatini, nikaingiza mkono baina ya mashuka. Nikarudi na picha, nikaiweka mezani karibu na sahani ya halwa.

"Huyu ndiye mama wa mama yetu," nikasema. "Hakuwa wa Lamu. Aliletwa Unguja mtoto, kutoka Nyasa. Walimnunua watu wa nyumba ya babu yetu." Neno lile, walimnunua, lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwangu kwa lugha yoyote.

Mwanangu aliinama na birika lake, akaitazama. Nilingoja alie, au anipigie kelele. "Nlimuona zamani," akasema, "nilipokuwa natafuta shuka. Nlikuwa nakungoja wewe, mama mkubwa."

Mama wa mposaji hakuigusa picha. Alikitikisa kikombe chake, akakiweka chini, akachukua mkoba wake, akasimama. "Twende," akamwambia mwanawe.

Mwanawe alikuwa bado kakaa. Akanyoosha kikombe chake kwa mwanangu, mkono umetulia kabisa. Mwanangu akammiminia. Akanywa, akanyoosha tena, akamiminiwa. Akanywa cha tatu, na hapo mwenye adabu hutikisa. Yeye akanyoosha.

"Mwanangu, aibu," akasema mama yake kutoka mlangoni.

Akanywa cha nne. Mwanangu alikuwa anaimwaga kahawa siniani, na mimi, kwa tabia yangu, nilikuwa nimemkazia macho kuona kama kikombe kitatikisika hata kidogo. Hakikutikisika. Alikuwa kwenye cha tano mama yake aliporudi kukaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliye njiani. Halafu akaivuta picha kwa kidole kimoja, akayatazama yale mashavu muda mrefu.

"Alikuwa akiitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia lile jina alilokuja nalo.